Tela Lililokataa Kubinuka

Pale Runazi, ukitaka kujua kama ni Jumamosi, huna haja ya kalenda. Tazama barabara inayokwenda kwenye kiwanja cha zahanati inayojengwa. Ukiona mstari mweusi wa oili katikati ya vumbi jekundu, ujue trekta la kikundi cha wakulima limepita na tela lake, na kwamba huko mbele watu wazima wanapakua mchanga kwa mabeleshi huku wakimlaani aliyebuni neno haidroliki.

Tela lile lilikuja likiwa la kubinuka. Dereva anavuta mkono wa chuma ulio kando ya kiti, oili inakimbia kwenye paipu, jeki inasukuma, bodi inanyanyuka kama mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma kufuata majani, na mchanga unamwagika wenyewe. Ndivyo walivyoelezwa siku ya kulipokea, na kwa muda ndivyo lilivyofanya. Kisha likaanza kuvuja. Kadiri lilivyovuja ndivyo nguvu zilivyopungua, hadi ikawa linanyanyua pua kidogo, linatetemeka, halafu linarudi chini taratibu kama mzee aliyeingia ngomani akakumbuka kiuno.

Fundi wa kikundi alikuwa Idefonsi, mwanamume mwenye mabega ya kubebea magogo na dawa moja kwa magonjwa yote: kaza. Ikivuja, kaza. Ikivuja tena, basi hukukaza. “Nati inakazwa mpaka ilie,” alizoea kusema, na kweli zililia. Nyingine zilikufa kabisa, zikazikwa kwenye debe la vyuma chakavu nyuma ya ghala.

Msiba huo ulikuwa na mfiwa mmoja tu, naye ni Nimpaye.

Nimpaye alikuwa mwanamke anayekaribia miaka thelathini, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili aliopewa na mdomo mkubwa kuliko mikono. Alizaliwa Lukole enzi za kambi ya wakimbizi, ndani ya nyumba ya turubai. Mama yake, Uwimana, alipenda kusimulia kwamba mtoto yule alitoka tumboni akilalamika kuwa turubai linavuja. Kambi ilipofungwa, Uwimana alikuwa ameshaolewa na Celestini, Mhangaza aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na stendi ya Ngara mjini, juu mlimani, ambako kila njia ni mteremko na breki ndiyo pumzi ya pili. Celestini hakujaliwa mtoto wa kiume. Majirani walimpa pole. Yeye akampa Nimpaye spana.

Kutoka kwenye baiskeli binti akapanda kwenye pikipiki za bodaboda. Kutoka kwenye pikipiki akateremka hadi Biharamulo mjini, kwenye gereji ya matrekta na malori, ambako kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuosha vyuma tu. Wenzake walidhani ni adhabu. Yeye akagundua kwamba anayeosha chuma ndiye wa kwanza kuuona ufa, na akaanza kuuliza maswali mengi mpaka mafundi wakaona heri wamfundishe ili wapate kupumzika. Baadaye akaolewa na Aron, mchuuzi wa maharage wa Runazi, mtu mpole wa maneno machache. Alipoulizwa kwa nini haongei, Aron alijibu kwamba nyumba moja haihitaji redio mbili.

Runazi walimpokea Nimpaye kwa mashine za kusaga na pikipiki zilizogoma. Alizitengeneza, zikanguruma, watu wakashukuru. Lakini trekta hawakumpa. Trekta lilikuwa moja tu kijijini, na fundi wa trekta alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa kuvuliwa kofia. Nimpaye alilitaka trekta lile kama wengine wanavyoutaka ubunge. Alipokuwa akilisikia likipita alfajiri, alijua kwa mlio tu lina shida gani, na alibaki amelala akiitengeneza kichwani shida ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze.

Kikundi kilipokutana ghalani kabla ya mvua za vuli, uvumilivu ukamwisha. Akanyoosha mkono.

“Mwenyekiti, shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu Esperansia, mwenyekiti, mama mnene aliyejua kuendesha kikao kwa nyusi tu. “Sema, lakini kwa kifupi.”

“Kwa kifupi, tela limekufa na aliyeliua yumo humu ndani.”

Ghala zima likacheka, isipokuwa mabega mawili.

“Binti,” Idefonsi akasema bila kugeuka, “wewe baki na mashine zako za kusaga. Haidroliki si unga.”

“Kweli kabisa, kaka Idefonsi. Unga ukimwagika, mtu huuzoa akapika.”

“Sikilizeni! Mtu amekuja juzi na ndoa, leo anataka usukani!”

“Usukani mwachie Ansbert, huyo anajua kuushika. Mimi nataka pale tela linapovuja.”

Esperansia akapandisha unyusi mmoja na kelele zikakatika. Alikuwa amepakua mchanga kwa beleshi Jumamosi nyingi mno, na mgongo wake ulikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. “Sawa,” akasema. “Jumamosi hii, mbele ya watu wote wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Tela limejaa mchanga mbichi mpaka juu. Likibinuka hadi mwisho bila tone kuanguka chini, utunzaji wa trekta na vyombo vyake vyote ni wako. Likishindwa, linabaki kwa Idefonsi, na sitaki kusikia tena neno tela likitoka kinywani mwako.”

“Na afunge mdomo mwaka mzima!” Idefonsi akaongeza.

“Mwaka mzima?” ikauliza sauti ya Aron kutoka nyuma, na ilikuwa na matumaini mengi kiasi kwamba watu walicheka hadi wakashika magunia ya mahindi ili wasianguke.

Nimpaye naye alicheka. Lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa kimya, jambo lililomtisha Aron kuliko kelele zote za ndoa yao. Alijua mambo yalivyo. Mgeni hupewa nafasi moja. Akiiharibu, watu hawatasema tela limemshinda. Watasema si tulijua.

Jumamosi ikafika, jua likiwa bado la upole. Kiwanja cha zahanati kilijaa watu wa msaragambo, kila mmoja na beleshi lake, maana matumaini ni kitu kizuri lakini beleshi ni bora zaidi. Pembeni Clotilda, mpishi wa siku za kazi, alikuwa anawasha moto chini ya sufuria kubwa. Ansbert, dereva, akaingia na trekta likivuta tela lililojaa. Ansbert alikuwa nadhifu kupita kiasi: kola imenyooka, kiti cha trekta kimetandikwa kitambaa cha kufuma, hata matairi aliyapangusa Jumapili kabla ya misa.

Injini ilikuwa bado inanguruma Idefonsi alipoinama kwenye jeki na kunyoosha kidole hadi kugusa nati iliyokuwa inatoa oili. “Inavujia hapa! Hapa panataka—”

Nimpaye akampiga kofi mkononi, kidole kikaruka.

“Wewe! Unanipiga?”

“Nimekiokoa. Oili iliyobanwa hivyo ikipata tundu la sindano inakuingia chini ya ngozi hujui hata imeingia saa ngapi, na mkono unaoza. Na daktari wa kukutibu, kaka, ndiyo kwanza tunamjengea nyumba.”

Akamwambia Ansbert azime injini, kisha ausukume na kuuvuta ule mkono wa tela mara kadhaa ili presha yote iliyojificha kwenye paipu itulie. Watu wakasubiri achukue spana. Hakuchukua. Alichukua kopo la dizeli na matambara, akaanza kuosha. Aliosha jeki, akaosha paipu, akaosha kila nati kuanzia nyuma ya tela hadi kwenye trekta, ukoko wa misimu miwili wa oili na vumbi ukitoka vipande kama maganda ya muhogo.

“Jamani,” mtu mmoja akasema, “tumeleta fundi au tumeleta dobi?”

“Subirini, ataanika!”

Nimpaye alipomaliza na kukausha, akamwendea mpishi. “Dada Clotilda, nisaidie unga wa muhogo, sahani moja.”

“Unga wa nini?”

“Wa tela.”

Hapo kicheko kikawa cha kijiji kizima. Idefonsi alikaa kabisa kwenye rundo la mawe ili acheke vizuri. “Si niliwaambia ni fundi wa unga!” Nimpaye akawaacha wacheke. Akachota kwa vidole, akanyunyiza unga mkavu juu ya kila kiungo, kidogo kidogo, hadi vyuma vikawa vyeupe kama nyuso za watoto waliovamia jiko. Akamwashiria Ansbert awashe injini na avute mkono kwa muda mfupi tu.

Unga haujui kudanganya. Viungo vyote vikabaki vyeupe isipokuwa kimoja, kile cha kwenye jeki. Pale doa la kahawia likaanza kuchora mpaka, likatanuka, likashuka.

“Zima.” Akalegeza nati ile, na ndani yake ikatokea nipo, kile kipande kifupi cha chuma kinachounganisha paipu na jeki. Ilikuwa imezungushiwa utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, kama kidole cha mtoto kilichofungwa bandeji na bibi yake.

“Huu utepe ni wa nani?”

“Wangu,” Idefonsi akasema kwa fahari. “Unaziba.”

“Unaziba bomba la maji. Hapa oili haizuiwi na meno ya nati, kaka, inazuiwa na midomo. Tazama: koni ya huku na koni ya huku, zinatakiwa zibusiane chuma kwa chuma. Wewe umewavalisha barakoa, halafu ulipoona hawabusiani vizuri ukawakandamiza vichwa.” Akaigeuza nipo kwenye mwanga. Mdomo wa koni ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele. “Hii ndiyo iliyokuwa inalia. Hukuisikiliza ilichokuwa inasema.”

Kwenye kopo lake la maziwa ya unga alikuwa na nipo mpya ya saizi ileile, aliyoifuata mwenyewe Biharamulo mjini kwa pikipiki, kwa kuwa alikuwa amelitazama tela lile kwa muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kutazama mali isiyo yake. Akaifunga kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, akaisikilizia ilipokaa, akaongeza kidogo, akaacha.

“Haijalia,” Idefonsi akaonya.

“Nati yenye amani haina sababu ya kulia.”

Akanyunyiza unga upya, akanyanyuka, akajifuta mikono. Sasa mambo yote yalikuwa kwenye mkono wa Ansbert. Ansbert akavuta.

Jeki ikapumua. Bodi ikanyanyuka, mzigo wote ukiwa juu yake, ikapita pale ilipozoea kutetemeka, ikaendelea. Mawe madogo ya mbele yakaanza kuteleza. Clotilda akafungua kinywa kwa kigelegele, na kigelegele kilikuwa kimefika kwenye meno wakati kitu kilipofanya chwaa nyuma ya kiti cha dereva. Oili ikamwagika kwenye kitambaa cha kufuma, ikamwagika kwenye ngazi ya trekta, ikamwagika chini. Bodi ikasita, ikaanza kushuka.

“Zima!” Nimpaye akapaza sauti.

“Kaza!” Idefonsi alikuwa amesimama, amefurahi kama mtu aliyefufuliwa. “Kaza, binti! Mmeona? Mmeona wenyewe!” Na watu, wengine kwa huruma, wakaanza kuokota mabeleshi. Mlio ule wa chuma kuparuza mawe ulimchoma Nimpaye kuliko matusi. Nyusi za Esperansia zilikuwa zimelala, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mikono mikubwa ya Nimpaye ilitaka spana. Ilitaka kukaza kitu, chochote, kwa nguvu. Akaitia mfukoni yote miwili, akasimama hivyo mpaka ikatulia. Kisha akapanda kwenye trekta.

Oili ilikuwa imetokea kwenye koplingi, pale paipu ya tela inapochomekwa kwenye trekta: dume liko kwenye paipu, jike liko kwenye trekta, na ndani ya jike kuna oringi, kile kimpira cha duara kinacholibana dume lisivuje. Kiungo hiki hakina cha kukaza. Kinachomekwa tu, kinachomolewa tu. Siku za kulima tela linaachwa, koplingi inachomolewa, Jumamosi inarudishwa. Akaichomoa. Akamulika ndani ya jike kwa tochi ya simu, akaingiza spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha, akakuna polepole.

Kikatoka kitu. Kidogo, laini, rangi ya waridi iliyofifia, kimelowa oili. Akakuna tena, kikatoka kingine. Akakiweka kiganjani, akakinusa, akashuka nacho chini.

“Hii nini?”

Kiganja kikazunguka. Mmoja akasema kutu. Mwingine akasema mpira. Clotilda akakichukua kwa kucha mbili, akakiangalia kama anavyoangalia maharage anapochambua, akasema, “Si gunzi hilo? Gunzi la mahindi.”

“Sasa nani anakula mahindi ndani ya koplingi?”

Kisha Ansbert, taratibu, akafungua kisanduku chake cha vifaa na kutoa gunzi. Lilikuwa gunzi la kupendeza: limechongwa kwa kisu, limelainishwa ncha, limepimwa likalingana na tundu la jike kama kizibo cha kiwandani.

“Naziba vumbi,” akasema. “Kila nikiacha tela kwenda kulima. Naligeuza likichakaa. Hata siku moja sijaacha wazi.”

Hakuna aliyemcheka, na sababu ilikuwa wazi: hapakuwa na mtu pale ambaye nyumbani kwake hakuna kitu kilichozibwa kwa gunzi. Dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi, linazibwa kwa gunzi. Kibuyu cha maziwa, chupa ya mafuta ya taa, tundu la panya ukutani, vyote gunzi. Gunzi kwao halikuwa uchafu. Lilikuwa usafi wenyewe. Hata Nimpaye alikuwa ameliona limechomekwa pale mara nyingi, na jicho lake likalipita kama linavyoipita pua iliyo chini yake.

“Ansbert, kaka yangu,” akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na pilipili, “wewe ndiye dereva msafi kuliko wote Biharamulo. Rubisi ikipata chembe ya gunzi, mtu anatema. Oringi haina pa kutema. Chembe inakaa ubavuni mwake, dume likiingia linaisukuma, inakata. Kila Jumamosi inakata kidogo. Tulipokuwa na presha ya kizee ilistahimili. Leo tumeipa presha ya kijana.”

Akaichokoa oringi ya zamani. Ilikuwa imekatwa upande mmoja, kabisa, wazi, kila mtu akaiona.

“Kata ndala, weka,” Idefonsi akashauri, safari hii kwa sauti ndogo.

“Ndala ibaki mguuni, kaka. Ikija huku itayeyuka, na wewe utatembea peku bure.”

Akaosha tundu la jike mpaka tambara likatoka safi. Akachagua oringi kwenye kopo lake, akaipaka oili mpya, akaikalisha kwenye mfereji wake kwa kidole. Akachomeka dume: klik. Ansbert akajaza oili iliyopungua, akafunika kwa vumbi kavu ile iliyomwagika chini. Unga mwingine ukanyunyizwa, mwingi, hadi koplingi ikafanana na andazi. Mabeleshi yalikuwa bado mikononi mwa watu, lakini hakuna aliyepakua, maana Esperansia alikuwa amepandisha unyusi mmoja kuruhusu jaribio moja la mwisho.

“Vuta.”

Bodi ikanyanyuka. Ikapita pale pa zamani. Ikapita pale pa aibu. Mchanga ukapasuka mstari juu, ukasita kana kwamba nao hauamini, halafu ukaporomoka wote kwa pamoja, huuu, vumbi likapanda, na tela likabaki limesimama wima dhidi ya anga, tupu, likionyesha kila mtu tumbo lake.

Bado hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wameshachekwa na tela lile mara nyingi. Clotilda ndiye aliyekwenda kwenye jeki, akainama, kisha akapanda kwenye koplingi, akachungulia.

“Mweupe!” akapiga ukelele. “Unga ni mweupe! Mweupe pee!”

Esperansia akapiga magoti chini ya trekta na kitenge chake kizuri, akapapasa ardhi mahali pote, akauangalia mkono wake. Vumbi tu. Akasimama, nyusi zote mbili zikiwa juu kuliko zilivyowahi kuonekana, na vigelegele vikaanza hapo, vikachukua kiwanja chote, wanaume wakigonganisha mabeleshi kama matoazi ya bendi. Aron, mtu wa maneno machache, alikuwa akipiga mayowe ambayo hakuna aliyejua alikuwa ameyaficha wapi.

“Trekta ni la Nimpaye kulitunza,” Esperansia akatangaza. “Na tela, na plau, na kila kinachovuja. Nani ana la kusema?”

Idefonsi alikuwa na la kusema. Alikwenda hadi kwenye jeki, akaugusa unga kwa kidole, na kidole kikarudi kikavu. “Nati imekaa kimya,” akasema. “Sijawahi kuona.”

“Kaka,” Nimpaye akamwambia, “zile nati za magurudumu nguvu zangu haziziwezi. Hizo ni zako. Zikaze mpaka watu walie.”

“Utanipa amri sasa?”

“Naanza leo. Ya kwanza: Ansbert, koplingi ikichomolewa inavaa kofia ya plastiki, ninazo hizi mbili, moja ya dume, moja ya jike. Gunzi rudisha kwenye rubisi.”

Tela likaenda machimboni likarudi, likaenda likarudi, na kila liliporudi lilimwaga mzigo wake kabla watu hawajamaliza kubishana limwagie wapi. Jua halijafika utosini kazi ya siku nzima ilikuwa imekwisha, jambo ambalo msaragambo wa Runazi haukuwahi kulipanga, kwa hiyo hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

“Chakula!” mtu akaita.

“Chakula gani?” Clotilda akafoka, mwiko juu. “Nani aliwatuma mmalize sasa hivi? Maharage ndiyo kwanza yanabadilika rangi! Kaeni hapo mngoje kama wageni!”

Wakakaa juu ya mawe ya msingi, wasafi, hawajachoka, wakitazamana. Mwishowe Esperansia akakohoa, akasema, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, “Nimpaye, hebu linyanyue tena.”

“Liko tupu, mwenyekiti.”

“Najua liko tupu.”

Basi Nimpaye akapanda kwenye trekta, Ansbert akampisha, akaushika ule mkono mwenyewe na kuuvuta. Tela likainuka hadi mwisho, likang'aa juani, na watu wazima waliokaa juu ya msingi wa zahanati wakalipigia makofi. Akalishusha. “Tena!” wakasema. Akalinyanyua tena.